Malkia wa Mji Wenye Amri Mbili: Kisa cha Mwana Khadija wa Pate Katika Shule Moja ya Lamu

Kisa chenyewe

Klabu ya historia ya shule moja ya sekondari Lamu mjini iliamua kuandaa mabango na mchezo mfupi wa kuigiza kuhusu Mwana Khadija, mwanamke aliyetawala Pate katika karne ya 18. Majina ya watu, shule, mtaa na mwaka yameondolewa, na mambo madogo madogo yamegeuzwa ili wahusika wasitambulike. Historia ya Pate haikuguswa.

Nimekiandika kwa ajili ya walimu wa historia na vikundi vya utamaduni vya pwani. Vijana wetu, na hasa wasichana, wanatamani kuwaona wanawake wenye mamlaka katika historia yao wenyewe, na wana haki hiyo. Wakimpata mmoja, hufurahi. Kisha husoma zaidi na kukuta kwamba zama zake zilikuwa zama za fitina na damu. Hapo ndipo kazi inapoanza, na hapo ndipo walimu wengi hukata tamaa au hufunika.

Usuli: Pate na malkia wake

Pate ni mji ulio kwenye kisiwa cha jina hilo hilo, kaskazini-mashariki ya Lamu. Ukitoka Lamu mjini unapanda boti gatini, unapita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara usiopitika maji yakipwa, kisha unashuka Mtangawanda na kumalizia safari kwa nchi kavu. Mji wa leo ni mdogo. Nyuma yake kuna magofu ya nyumba za mawe na misikiti, kuta ndefu zenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na katikati ya kuta hizo wenyeji hulima tumbaku. Anayeyaona kwa mara ya kwanza haelewi mara moja kwamba anatembea ndani ya mji uliowahi kuzitisha dola.

Kuwatisha iliwatisha. Katika karne ya 17 Pate iliasi utawala wa Wareno mara kadhaa, na mwaka 1678 Wareno waliwakata vichwa watawala wa Pate, Siyu, Lamu na Manda. Waomani wakaja kusaidia, Ngome ya Yesu, ngome ya Wareno huko Mombasa, ikazingirwa kuanzia 1696, na Desemba 1698 ikaanguka. Pate ilitajirika kwa biashara ya pembe za ndovu na kwa ufumaji wa nguo, zikiwemo nguo za hariri, na ikadai ukubwa juu ya majirani zake, Lamu ikiwa mmojawapo. Siwa ya pembe ya Pate, yaani baragumu kubwa la kifalme, iliyohifadhiwa hadi leo na Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na siwa ya shaba ya Lamu, ni ushahidi wa kutosha wa fahari ya mji ule.

Ukoo uliotawala ni Wanabahani. Kufikia katikati ya karne ya 18 ukoo huo ulikuwa umegawanyika matawi, na kila mtawala alipofariki urithi ulikuwa vita vinavyosubiri kutokea. Mazrui wa Mombasa, waliokuwa wakijitanua wakati huo, nao walitafuta sauti katika mambo ya Pate. Mwana Khadija, binti wa Bwana Mkuu, alishika utawala katikati ya hali hiyo.

Tunamjua kwa kiasi kikubwa kupitia Habari za Pate, masimulizi ya wafalme wa mji huo. Msimulizi mkubwa wa habari hizo ni Muhammad bin Fumo Omar, Mnabahani aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini, ambaye nakala mbalimbali zilitoka kinywani mwake. Maafisa wa Kiingereza walizikusanya na kuzichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Inasimuliwa kwamba kitabu cha asili kilikuwa mikononi mwa sultani wa Witu, mji wa bara ng'ambo ya Lamu, na kikapotea Waingereza walipoushambulia mji huo mwaka 1890. Kwa hiyo tulicho nacho ni kumbukumbu ya ukoo, iliyoandikwa zaidi ya miaka mia moja baada ya malkia kufa, na nakala zake hazikubaliani katika kila jambo.

Nakala hizo zinamweka Mwana Khadija kati ya mwaka 1177 na 1187 wa Hijria. Anahesabiwa katika orodha ya watawala kama wenzake wa kiume, kwa jina lake na miaka yake. Baada ya hapo maneno ni machache. Kulikuwa na fitina kubwa. Mji mmoja ulikuwa na wakubwa wawili, Mwana Khadija upande mmoja na mpinzani wake Omar upande wa pili. Omar alikwenda Barawa, mji wa pwani ya Somalia, akarudi, na watu wakapigana ndani ya mji. Malkia akafariki, akafuata Bwana Mkuu mwingine, si baba yake, kwa miaka michache, kisha akaja Fumo Madi.

Mwana Khadija hakuwa mwanamke pekee aliyetawala katika upwa huu. Fatuma, malkia wa Unguja, aliwapelekea chakula Wareno waliozingirwa Ngome ya Yesu, na Waomani waliposhinda wakamhamishia Oman. Katika karne ya 19 Mwali, kisiwa cha Komoro, ilikuwa na Jumbe Fatima. Mtu akisema kwamba Waswahili hawakuwahi kutawaliwa na wanawake, ana majina hayo matatu ya kuyajibu, na mengine yapo.

Kilichotokea

Shule ilikuwa na siku yake ya utamaduni, na kila klabu ilitakiwa kuonyesha kitu. Wasichana wa klabu ya historia, waliokuwa wengi kuliko wavulana, walipendekeza mtawala mwanamke kutoka visiwa vyao wenyewe. Mwalimu msimamizi alikubali. Wakagawana kazi, wakaingia kwenye simu kutafuta.

Rasimu ya kwanza ilipendeza macho. Bango lilikuwa na kichwa cha maneno "Malkia wa Amani". Lilisema kwamba Mwana Khadija aliiongoza Pate kwa utulivu, alipanua biashara na alijenga misikiti. Katikati kulikuwa na picha ya mwanamke aliyevaa hariri na vipuli masikio mazima, amekaa kwenye kiti chenye mgongo mrefu. Mwalimu alipouliza maneno yale yametoka wapi, kila mmoja alimtazama mwenzake. Yalikuwa yameokotwa huku na huku, na mengine yalikuwa ni matamanio tu. Picha nayo ilikuwa ya kamera. Upigaji picha ulitangazwa duniani mwaka 1839, na Mwana Khadija alikuwa amekufa miaka 60 na zaidi kabla ya hapo. Mwanamke wa watu aliyekuwa pale bangoni alikuwa mtu mwingine kabisa, mwenye jina lake na ukoo wake, aliyegeuzwa malkia bila kuulizwa.

Mwalimu hakulichana bango. Aliwapeleka wasichana watatu kwa bibi mmoja mzee wa asili ya Pate anayeishi Lamu, mtu anayeheshimika kwa kuhifadhi habari za kale. Walimbusu mkono, wakakaa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, wakamsomea bango lote. Akawataka walisome tena. Aliposikia neno amani kwa mara ya pili, alisema kwa Kiamu: "Wanangu, mui ulikuwa mmoya, amri zalikuwa mbili." Hakulisema kama aibu ya Pate. Alilisema kama jambo ambalo mtu wa Pate analijua tangu utoto, na akashangaa kwamba wajukuu zake hawalijui.

Kisha akawapa kitu ambacho hawakukitarajia: kisa cha Mwana Darini, mwanamke mwingine wa ukoo wa kifalme wa Pate. Kwa mujibu wa mapokeo, Mwana Darini alitaka siwa ipigwe katika sherehe ya kumtia mwanawe tohara, akanyimwa, naye akaagiza yake ichongwe kwa pembe. Bibi alikisimulia kirefu, kwa mikono na sauti, na wasichana walitoka pale wamemsahau Mwana Khadija. Aliruhusu arekodiwe kwa simu kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe popote.

Rasimu ya pili mwalimu aliiandika mwenyewe usiku ule ule. Aliondoa sifa zote zisizo na msingi. Yaliyobaki yalikuwa mistari minne: jina, miaka, mji kugawanyika, vita vya ndani. Kila neno lilikuwa na pa kushikia. Akaibandika darasani ili wanafunzi waisome kabla ya kuendelea.

Mvulana mmoja wa kidato cha tatu akauliza mbele ya wenzake: "Kwa hiyo mwalimu, mwanamke alipotawala, mji uliharibika?" Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa amesoma kilichoandikwa na kutoa hitimisho ambalo maandishi yale yaliliruhusu. Wasichana wawili walitaka kujitoa. Mmoja alisema ni heri bango la kwanza, kwa sababu angalau halikuwapa watu fimbo ya kuwapigia.

Mambo mengine mawili yakaongezeka wiki hiyo. Mzazi mmoja, mtu wa Lamu kindakindaki, alimuuliza mwalimu kwa adabu kwa nini shule ya Lamu imtukuze mtawala wa Pate, mji ambao jeshi lake, likisaidiwa na Mazrui, lilikuja kupigana na Lamu pale Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, karibu mwaka 1812. Na kijana aliyepewa kazi ya kutunga mchezo alipendekeza kisa cha siwa kihamishwe apewe Mwana Khadija. Hoja yake ilieleweka: kisa cha Mwana Darini kina mwanzo, mgogoro na ushindi, na cha Mwana Khadija kina mistari minne. Tena wote ni wa Pate, wote ni wa ukoo mmoja, nani atajua?

Maamuzi na sababu zake

Klabu ilikutana baada ya masomo, mwalimu akaacha wanafunzi waamue, akibaki na haki ya kukataa uongo. Nimesoma muhtasari wa kikao hicho na nimezungumza na mwalimu. Walibishana sana, lakini walifika.

Uamuzi mkubwa ulikuwa kutoiondoa fitina, na pia kutoiacha peke yake. Msichana mmoja aliuliza jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililookoa kazi nzima: waliotawala kabla yake na baada yake walikuwaje? Mwalimu akaleta nakala iliyochapishwa ya Habari za Pate na wakaisoma kwa sauti. Walipofika kwa Fumo Madi, aliyetawala hadi mwaka 1809, walikuta kwamba alipochoshwa na fitina aliwakamata watu 40, wawili kati yao wakiwa ndugu zake mwenyewe, akawachinja juu ya dari la jumba lake hadi damu ikashuka barabarani kupitia makopo ya maji ya mvua. Baada ya hapo, wasema wasimulizi, Pate ikatulia, na utawala wake ukawa mrefu. Alipofariki mgogoro wa urithi ukaanza upya, na miaka michache baadaye ikaja vita ya Shela.

Wakaamua kwamba bango litamweka Mwana Khadija ndani ya mstari wa zama: matawi ya Wanabahani yakigombana kabla yake, yeye katikati, Bwana Mkuu, Fumo Madi na wale 40, kisha Shela. Msomaji aone mwenyewe kwamba ugonjwa wa Pate ulikuwa urithi usio na kanuni inayokubaliwa na wote, pamoja na majirani wenye nguvu wanaovuta kila mmoja upande wake, na kwamba ugonjwa huo ulimkuta malkia na kumpita.

Kuhusu miaka, waliamua kuandika Hijria kwanza. Wasichana walikuwa wamekuta 1763 mahali pamoja na 1764 mahali pengine, wakadhani mmoja kakosea. Mwalimu wa dini aliwaeleza kwamba mwaka 1177 wa Hijria ulianza katikati ya 1763 na kumalizika katikati ya 1764, na 1187 ulianza Machi 1773 ukaishia Machi 1774. Wote wawili walikuwa sahihi, ila kila mmoja alishika ncha yake ya kamba.

Picha ya yule mwanamke iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na mchoro wa siwa ya pembe uliochorwa na mwanafunzi. Hakuna sura ya Mwana Khadija iliyobaki, na klabu ilikataa kumbunia. Siwa ilifaa kwa sababu ilikuwa alama ya mamlaka ya Pate, na mapokeo yanaiweka kabla ya zama zake.

Pendekezo la kumpa kisa cha Mwana Darini lilikataliwa kwa kura. Aliyelipinga kwa nguvu zaidi ni mmoja wa wale wasichana waliokaa dakani kwa bibi. Alisema kwamba ukichukua kisa cha mwanamke mmoja ukampa mwingine umewaua wote wawili. Badala yake Mwana Darini akapewa bango lake, dogo, lenye maneno "mapokeo ya Pate yasema" mwanzoni kabisa.

Mzazi wa Lamu alialikwa aje aone rasimu. Mwalimu alimwambia kwamba katika karne ya 18 historia ya Lamu haisomeki bila ya Pate, na akamwomba asaidie kuandika sentensi kuhusu Shela. Aliiandika, na baada ya marekebisho madogo ikaingia. Sentensi yake ilitaja kwamba baada ya vita hiyo Lamu iliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman.

Mchezo ulibaki na mistari minne ile ile, na vijana wakatafuta namna ya kuifanya ionekane. Waliligawa jukwaa kwa kamba. Mke na mume wamekaa katikati. Anaingia mjumbe kutoka upande wa malkia, anataka ushuru. Hajatoka vizuri anaingia mjumbe wa Omar, anataka ushuru ule ule, na anauliza kwa nini mlango ulifunguliwa kwa yule wa kwanza. Mke anajibu upande huu, mume anajibu upande ule, na nyumba nayo inagawanyika. Kabla ya kuanza, msomaji alitangaza kwamba tukio hilo limebuniwa na wanafunzi ili kueleza hali ya mji wenye wakubwa wawili, na kwamba Habari za Pate hazilitaji.

Matokeo

Siku ya utamaduni ilipita vizuri. Watu walisimama mbele ya mstari wa zama, hasa kwenye habari ya Fumo Madi, na mazungumzo yaliyosikika yalihusu urithi na ndugu kugombana kuliko yalivyohusu mwanamke kutawala. Kina mama waliokuja kutazama mchezo waliuelewa papo hapo, na mmoja aliwaita wajumbe wale kwa majina ya watu wa mtaani kwake.

Mvulana aliyeuliza swali hakubadilika kama ilivyotarajiwa. Alikubali kwamba fitina ilianza kabla ya malkia. Lakini alishikilia kwamba miaka kumi ni mingi, na mtawala aliyeshindwa kuumaliza mgawanyiko kwa miaka kumi ana la kujibu, awe mwanamume au mwanamke. Mwalimu aliandika hoja hiyo chini ya bango kama swali kwa wageni. Naona alifanya vyema, maana hiyo sasa ilikuwa hoja juu ya utawala.

Bibi hakuweza kufika. Alisomewa bango la mwisho nyumbani, akasahihisha jambo moja katika kisa cha Mwana Darini, na likasahihishwa.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni swali la waliomtangulia na waliomfuata. Rasimu ya pili ilikuwa na ukweli mtupu na bado ilipotosha, kwa sababu ilimsimamisha mwanamke mmoja peke yake mbele ya vurugu na kumwachia msomaji aunganishe. Mtu akisoma kwamba sultani fulani alitawala zama za vita hasemi kwamba wanaume hawawezi kutawala. Akisoma hivyo kuhusu malkia, hitimisho liko tayari mdomoni. Mwalimu anayefundisha habari za wanawake watawala lazima alijue hilo kabla hajabandika karatasi ukutani, na dawa yake ni kuwaweka pamoja watawala wa zama moja wapimwe kwa kipimo kimoja.

Tena kuna jambo ndani ya masimulizi yenyewe ambalo klabu iligusa kidogo tu, nami ningependa walimu wengine waliingie zaidi. Tazama jinsi msimulizi anavyowapima. Damu ya watu 40 inashuka kutoka darini, na kinachofuata ni sifa ya utulivu. Kwa Mwana Khadija, anayesimuliwa bila ya tendo la ukatili la namna hiyo, kinachobaki ni neno fitina. Habari za Pate ni kumbukumbu ya watu waliowahi kutawala, wanaoeleza kwa nini dola lao lilidumu na kwa nini lilianguka. Kwao, anayemaliza ugomvi ndiye mtawala, hata akiumaliza kwa kisu. Mwanafunzi akishaliona hilo, anaanza kumuuliza msimulizi maswali badala ya kumwamini au kumkataa mzima mzima. Watoto wa kidato cha tatu wanaliweza kabisa. Nimewaona wakiliweza.

Hata hivyo, ndani ya maneno machache ya msimulizi kuna jambo zito. Mtu ambaye hakupenda fitina, aliyekuwa na kila sababu ya kumruka malkia na kumwandika Omar kama mfalme halali, hakufanya hivyo. Alimhesabu Mwana Khadija. Miaka ya mji inatajwa kwa jina lake. Kwa ukoo uliokuwa ukilinda orodha ya wafalme wake kwa wivu, hiyo ni shahada, na ningeliiweka juu kabisa ya bango kwa herufi kubwa. Klabu iliiweka chini.

Kukataa kuchanganya visa viwili kulikuwa sahihi, na nasisitiza kwa sababu kishawishi hiki nakikuta kila mahali. Wanawake wa kale wametajwa kidogo, kwa hiyo tunawakusanya wote tukatengeneza mmoja mwenye kila kitu: uzuri wa huyu, ushujaa wa yule, siwa ya mwingine. Mwana Darini katika mapokeo hakuwa mtawala. Nguvu yake ilitoka kwenye mali, ukoo na ujasiri wa kutokubali kunyimwa. Mwana Khadija alishika utawala wenyewe, na akalipa gharama yake. Hizo ni njia mbili tofauti za mwanamke kuwa na mamlaka katika jamii moja, na ukizichanganya unapoteza nafasi ya kufundisha zote mbili.

Kazi ya kumwalika mzazi ilizaa matunda kuliko ilivyotazamiwa. Angeweza kujibiwa kwa barua. Alipopewa kalamu, malalamiko yake yakawa sehemu ya historia inayofundishwa, na ubishi wa Lamu na Pate ukaonekana kuwa sababu mojawapo ya Oman kushika mizizi katika visiwa hivi.

Sasa yaliyokwama. Klabu ilitegemea msimulizi mmoja tu wa mdomo, na wote waliokwenda kwake walikuwa wa Lamu mjini. Hakuna aliyevuka kwenda Pate wala Siyu. Sababu iliyotolewa ni nauli na ratiba ya maji, na ni sababu ya kweli, lakini boti huenda kila siku na mwalimu mmoja angeweza kutumwa na simu ya kurekodi. Habari za Pate zilizosimuliwa Pate zingeweza kuwa tofauti na za bibi.

Maelezo ya Hijria yalikuwa mengi mno kwa bango. Wageni waliyapita. Sentensi moja ingetosha na hesabu ikabaki kwenye daftari la klabu.

Pengo kubwa zaidi ni watumwa. Pate iliishi kwa biashara na kwa jasho la watumwa wa mashambani na majumbani, na malkia wa ukoo wa kifalme hakuwa nje ya mfumo huo. Wajumbe kama wale wa mchezo wetu, wachukuzi, wapiganaji: baadhi ya watu wa kazi hizo katika zama hizo walikuwa watu wasio huru. Bango halikuwataja hata mara moja. Nilipomuuliza mwalimu, alisema waliogopa kumpaka matope mwanamke waliyekuwa wakijaribu kumtendea haki. Naelewa hofu hiyo na sikubaliani nayo. Wanawake waliotumikia jumba lile nao ni wanawake wa historia ya Pate, na mwanafunzi anayefundishwa kumtafuta malkia afundishwe pia kuuliza nani alimtekea maji.

Mwisho, rekodi ya bibi. Hadi nilipomaliza kuandika kisa hiki ilikuwa ndani ya simu ya mwalimu mmoja, bila nakala, na mwalimu huyo anasubiri uhamisho. Bibi aliruhusu ihifadhiwe bila jina lake. Nimemshauri mwalimu atoe nakala mbili, moja ibaki maktaba ya shule na nyingine irudishwe kwa familia, na sharti la bibi liandikwe kwenye bahasha zote mbili kabla hajaondoka.